Grainda Si Chombo cha Kwanza

Muulize fundi yeyote wa kuchomelea hapa Morogoro, kuanzia Msamvu hadi Kihonda, mtu anayetaka karakana ndogo nyumbani kwake aanze kununua nini cha kukatia chuma. Atajibu kabla hujamaliza swali: grainda. Muulize kijana aliyehitimu chuo cha ufundi mwaka jana, atajibu hivyo hivyo. Mwenye duka la vifaa naye atanyoosha mkono kwenye rafu ile ile. Kwao heksoo ni kifaa cha mitihani, tupa ni ya kunolea panga, na tindo ni ya fundi bomba anayetoboa ukuta. Asiye na grainda hajaanza ufundi.

Mtazamo huu umeenea mpaka hakuna anayejisumbua kuutetea. Unachukuliwa kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Mimi naupinga, na naupinga kwa sababu ya watu wanaoulipia. Wenye karakana kubwa za mageti hawaumii, maana grainda inawarudishia fedha kila siku. Anayeumia ni mwalimu wa Mafiga anayetaka kujitengenezea banda la kuku, au mstaafu wa reli mwenye nafasi uani na muda mkononi. Anaumia mkulima wa Nyandira ambaye kila msimu hubeba vitu vyake vilivyovunjika hadi mjini. Kinaumia kikundi cha vijana cha Mwembesongo kilichopata mkopo wa halmashauri. Hawa hununua grainda ya bei ya chini kabisa na diski tano, na fedha zinaishia hapo. Jiliwa hakuna, skwea hakuna, miwani ya kinga hakuna. Diski zinakwisha, kaboni za mota zinakwisha, na karakana inageuka chumba cha kuwekea vitu vibovu.

Msimamo wangu ni huu: katika karakana ya nyumbani, chombo cha kwanza cha kukatia chuma ni jiliwa. Cha pili ni heksoo yenye bledi inayofaa. Halafu tupa, tindo na mkasi wa bati. Grainda ije baada ya hivyo vyote, na kwa watu wengi haina haja ya kuja kabisa.

Nianze na hoja yao iliyo na nguvu kuliko zote, yaani haraka. Ni kweli, grainda yenye diski nyembamba ya milimita 1 hupita kwenye skwea paipu ya inchi moja kwa sekunde chache, na heksoo itahitaji dakika nzima au zaidi. Nondo ya milimita 12 itakula dakika mbili au tatu za mkono. Sipingi hesabu hiyo. Ninachouliza ni hiki: mwenye karakana ya nyumbani anakata mara ngapi? Fundi wa mageti anakata vipande vingi kabla ya saa sita mchana, na kwake dakika moja kwa kila kipande ni mshahara. Mwalimu wetu wa Mafiga anakata vipande vinane Jumamosi moja, kisha anakaa majuma mawili bila kugusa chuma. Dakika alizookoa atazitumia kutafuta soketi, kufungua na kufunga diski, kuondoa ukingo mkali ulioachwa na moto, na kurudia kipande kilichokatwa kombo kwa sababu mashine ilikwenda kasi kuliko jicho lake. Kipimo kibaya kilichokatwa kwa sekunde tano bado ni kipimo kibaya, na paipu haiungani tena.

Isitoshe, wengi wanaosema heksoo ni ya polepole hawajawahi kutumia heksoo iliyofungwa sawasawa. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mjadala wote ulipolala.

Bledi ya kawaida ina urefu wa inchi 12, na ubavuni pameandikwa 14, 18, 24 au 32. Hiyo ni idadi ya meno katika inchi moja. Ukiingia dukani ukasema "nipe bledi ya heksoo", utapewa iliyo karibu na mkono wa muuzaji, nawe utaipokea bila kuuliza, kisha utaenda kuilaumu heksoo. Kanuni ni kwamba meno yasiyopungua matatu yawe ndani ya chuma kwa wakati mmoja. Bledi ya meno 18 ina nafasi ya milimita 1.4 kati ya jino na jino. Chukua skwea paipu yenye ukuta wa milimita 1.5, ile inayotumika kwenye madirisha na viti: ukuta mzima unashikwa na jino moja tu au mawili, jino linakwama, linavunjika, na la nyuma yake linafuata. Mtu anatupa bledi akisema ni mbovu. Bledi ya meno 32 ina nafasi ya milimita 0.8, ukiiinamisha ikakate kwa mshazari, meno matatu yanashika na paipu inakatika kwa utulivu. Sasa geuza mambo. Chukua bledi hiyo ya 32 uipeleke kwenye nondo ya milimita 16. Unga wa chuma unajaa katikati ya meno madogo, hauna pa kwenda, bledi inateleza juu ya kazi na wewe unatoka jasho bure. Hapo panatakiwa 18. Aingo na fleti za milimita 3 hadi 5 ni kazi ya 24. Aina tatu tu za bledi, basi, zinatosha karibu kila kitu kinachoingia kwenye karakana ya nyumbani, nazo zinaenea kwenye mfuko wa shati.

Meno yatazame mbele, upande usio na mpini, kwa sababu chuma hukatwa kwa kusukuma. Nati ya kipepeo ikazwe mpaka bledi inyooke kama uzi wa zeze. Iliyolegea hupinda, hukata kombo na huvunjika. Tumia urefu wote wa bledi, siyo inchi mbili za katikati. Kandamiza ukienda, achia ukirudi. Mikato 40 hadi 60 kwa dakika inatosha. Anayekwenda mbio zaidi ya hapo anachoma meno kwa msuguano na kuchoka kabla ya kazi kuisha. Na bledi ikivunjika katikati ya mkato, usiingize mpya kwenye mfereji ule ule. Meno ya bledi mpya yametanuka kuliko ya iliyochakaa, itabanwa na kuvunjika palepale. Geuza kazi, anza upande wa pili. Mambo haya yanafundishika kwa asubuhi moja, na mtu akishayajua hawezi tena kuniambia kwamba heksoo ni adhabu.

Lakini yote hayo hayana maana kama chuma kinacheza. Ndiyo maana nimesema jiliwa ni la kwanza, ingawa lenyewe halina jino hata moja. Pita kwenye vibanda vya mafundi mjini uone jinsi kazi inavyoshikwa: kwa kukanyagwa na mguu wenye kandambili, kwa kuegemezwa kwenye tofali, kwa kushikiliwa na mtoto. Heksoo haiwezi kufanya kazi kwa kushikiliwa hivyo, na fundi akishindwa analaumu heksoo na kukimbilia grainda, kwa sababu grainda inakata hata kitu kinachotikisika. Inakata, ndiyo, na hapo ndipo hatari ilipo: kipande kinajifunga, kinaubana mkato, diski inanaswa, mashine inaruka kumrudia aliyeishika. Hakuna kifaa kinachohitaji jiliwa kuliko grainda, na hakuna kifaa kinachonunuliwa mara nyingi zaidi bila jiliwa.

Nunua jiliwa la inchi 4 au 5. Lifunge kwenye meza nzito ambayo miguu yake imechimbiwa chini au kufungwa ukutani, na midomo yake iwe usawa wa kiwiko chako ukiwa umesimama wima. Ukiliweka chini zaidi mgongo utauma, ukiliweka juu zaidi mabega yatachoka. Angalia midomo inakutana sawasawa inapofungwa, na kwamba parafujo haina mchezo mkubwa. Yale ya bei ndogo ya chuma cha kumimina hupasuka yakigongwa kwa nyundo nzito. Yatumie kushikia, usiyageuze fuawe. Kama una fedha ya kitu kimoja tu kizuri maishani mwa karakana yako, weka hapa. Jiliwa zuri huzeeka na mwenye nalo na hurithiwa.

Hoja ya pili ya wenzangu ni kwamba grainda "inafanya kila kitu": inakata, inasaga, inanoa. Kuhusu kunoa, wakulima wa Uluguru wameingia hasara ambayo wengi wao hawajui chanzo chake. Mtu anashuka na panga, shoka au mundu, anampa kijana mwenye grainda, na baada ya dakika moja anarudishiwa makali yanayong'aa. Angalia vizuri karibu na ncha: pamegeuka buluu. Rangi hiyo inatokea chuma kinapofikia joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi, na chuma cha panga kilichofikia hapo kimepoteza sehemu ya ugumu wake. Kitanoleka vizuri, lakini hakitashika makali. Mkulima atarudi tena baada ya siku chache, atalipa tena, na kila safari panga linazidi kupungua na kulainika. Atasema mapanga ya siku hizi ni mabovu. Baadhi ni mabovu kweli, lakini mengine yameuawa na kunolewa. Tupa ya bapa na dakika kumi za subira chini ya mwembe zingelinoa panga lile lile bila kugusa ugumu wake.

Kuhusu bati, hasara ni kubwa zaidi maana inakaa juu ya vichwa vyetu. Grainda hukata kwa kusaga na kuunguza. Ikipita kwenye bati lenye zinki au la rangi, joto linaunguza zinki na rangi ya ukingoni, na cheche zinazoruka zinanata juu ya bati lenyewe kama mchanga wa moto. Kila chembe iliyonata ni mwanzo wa kutu. Miteremko ya mashariki ya Uluguru, pande za Kinole na Matombo, ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi nchini. Huko juu hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Paa lililokatwa kwa grainda mahali kama pale linaanza kuoza kwenye miisho yake wakati mwenye nyumba bado analipa deni la mabati. Mkasi wa bati unakata kwa baridi, hauunguzi kitu, hauna kelele. Ile yenye mipini ya rangi imepangwa kwa kazi: ya njano hukata mstari ulionyooka, nyekundu hupinda kushoto, kijani hupinda kulia. Kwa anayetengeneza majiko, mifereji ya maji ya mvua au mabeseni ya kuku, mkasi huo ndio mashine.

Tindo nayo imedharauliwa bila kosa. Nati iliyoganda kwa kutu, kichwa cha ribiti, sahani ya chuma inayotakiwa kutolewa tundu la mraba: tindo na nyundo ya kilo moja vinamaliza. Na tindo haihitaji duka. Kipande cha springi ya gari, mhunzi mwenye mvukuto, na nusu saa: anafua ncha, anainoa kwa pembe ya nyuzi 60 hivi, anaizamisha ikiwa nyekundu, kisha anairudishia joto taratibu mpaka ncha iingie rangi ya kahawia inayoelekea zambarau, hapo anaizima. Hiyo ni tindo itakayokata chuma laini kwa miaka. Sharti lake ni moja: kichwa kikianza kuchanua kama uyoga kutokana na kugongwa, kisagwe mara moja, kwa sababu vipande vyake huruka na kuingia machoni.

Sasa umeme. Mkoa wa Morogoro una bwawa la Kidatu lenye mitambo ya megawati 204, na bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 liko katika bonde la Rufiji, jirani kabisa. Nyaya zimefika kwenye vijiji. Kazi iliyobaki ni ya vitongoji. Lakini yeyote anayepanda kutoka Mzumbe kwenda Mgeta anajua kitongoji ni nini milimani: nyumba tano kwenye mgongo wa kilima, tano nyingine ng'ambo ya korongo, na kati yao njia ya mguu. Sola ya kuchajia simu na kuwasha taa haiwezi kuzungusha grainda ya wati 750. Jenereta inaweza, kwa petroli iliyopandishwa kwa bodaboda. Ni kwa hesabu gani tunamwambia mtu wa Tchenzema kwamba bila kifaa hiki hawezi kuwa na karakana? Heksoo inafanya kazi pale pale linapovunjika toroli. Hata mjini, mwenye karakana ya nyumbani ana majirani, ana mtoto anayelala mchana, ana mgonjwa nyumba ya pili. Kelele ya grainda inapita desibeli 90, kiwango ambacho kikirudiwa kinaharibu masikio. Karakana ya uani haina haki ya kufanya mtaa mzima uishi ndani yake.

Nimefika kwenye jambo linaloniumiza. Grainda ndogo ya inchi 4 na nusu huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika. Diski yake imetengenezwa ihimili kasi ya mita 80 kwa sekunde ukingoni, na imeandikwa hivyo. Mafundi wetu wamezoea kuvua kinga ya chuma ili waingize diski ya inchi 7, kwa kuwa tundu la katikati ni lile lile. Piga hesabu: kwenye mashine hiyo ukingo wa diski ya inchi 7 unakimbia zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Imepita kiwango chake kwa karibu theluthi, na kinga ambayo ingezuia vipande imelala chini ya meza. Diski hizo pia zina tarehe ya mwisho, iliyochongwa kwenye pete ya chuma ya katikati. Kwa kawaida ni miaka mitatu tangu kutengenezwa, maana gundi inayoshika chembe zake hudhoofika, hasa ikipata unyevu. Ni wangapi kati yetu wamewahi kuisoma? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo, lakini mkaguzi haingii uani kwa mtu. Ndani ya nyumba yako mkaguzi ni wewe, na unapomshauri mtu asiye na mafunzo anunue chombo hiki kwanza, umemkabidhi hatari hiyo peke yake.

Kuna na pipa. Watu hununua mapipa na madumu ya chuma yaliyobeba mafuta ili wayapasue watengeneze majiko, mabirika ya mifugo, milango. Pipa "tupu" lililokuwa na petroli ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ndani yake kuna mvuke uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko huo ndio unaolipuka. Grainda ni chemchemi ya cheche. Mji huu haupaswi kuelezwa jambo hili mara mbili. Agosti 10, 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Tuliowazika tunajua petroli inachosubiri ni cheche moja. Pipa lioshwe kwa maji moto na sabuni zaidi ya mara moja, lijazwe maji hadi karibu na mstari wa kukata, na likatwe kwa mkono. Na kama hujui lilibeba nini, usilikate kwa chombo chochote.

Wapo watakaosema nataka kuwarudisha watu nyuma; dunia inakwenda na mashine, mimi nahubiri jasho. Hoja hii inaheshimika zaidi kuliko inavyostahili. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907. Grainda ya mkononi ya aina tunayoijua ilitoka kwenye kiwanda cha FLEX, Ujerumani, mwaka 1954. Kwa karibu nusu karne, vyuma vya reli hii vilikatwa, vikachongwa na kufungwa bila chombo hicho. Na hadi leo, anayejifunza ufundi wa mitambo huanzishwa kwenye meza, mbele ya jiliwa, akipewa kipande cha chuma na tupa, aambiwe akifanye bapa na mraba. Hapo mkono unajifunza kusikia chuma: kigumu kinavyolia, laini kinavyokubali, tupa inavyoteleza ikikutana na sehemu iliyoungua. Aliyeruka hatua hiyo akaenda moja kwa moja kwenye grainda hajaenda mbele. Hajui anachokikata.

Na kama kuna mji Tanzania ambao ulipaswa kuwa na mashaka na falsafa ya mashine kwanza, ni huu. Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia, kikawekewa mitambo ya kisasa kabisa ya wakati wake, na mpango ulikuwa sehemu kubwa ya viatu viuzwe Ulaya. Jengo lenyewe lilikuwa na kuta za alumini bila mfumo wa kupitisha hewa, katika joto la Morogoro. Hakikuwahi kuzalisha zaidi ya asilimia 4 ya uwezo wake. Mitambo iliharibika, vipuri havikuwepo, na mwaka 1990 kikafungwa. Sababu zilikuwa nyingi, za uchumi wa nchi nzima na za uongozi, wala simlaumu fundi aliyefanya kazi mle ndani. Lakini mpangilio wa mawazo ulikuwa ule ule tunaoupeleka leo kwenye karakana ya uani: nunua nguvu kwanza, ujuzi na vipuri vitajileta. Havikujileta kwa kiwanda chenye benki nyuma yake. Havitajileta kwa mwalimu wa Mafiga.

Lazima niseme pia ni lini wenzangu wana haki. Mwenye kandarasi ya madirisha, anayekata kila siku, mwenye umeme wa uhakika na mtu wa kumfundisha, anunue grainda. Chuma kilichofanywa kigumu kwa moto, kama springi yenyewe, hakikatiki kwa heksoo. Meno yatateleza na kuisha. Mshono wa kuchomelea unaotakiwa kusawazishwa ni kazi ya grainda, na tupa pale ni mateso. Akifika hapo, achukue ya inchi 4 na nusu yenye kinga isiyovuliwa na mpini wa pembeni, swichi inayozima ukiiachia, diski za ukubwa wake tu, na miwani inayofunga hadi pembeni. Asinunue ya inchi 9 eti ina nguvu. Ile ni ya mtu mzima katika ufundi. Ila hata huyu ataona kwamba jiliwa, tupa na heksoo vinatumika kila siku kando ya grainda, na kwamba kama angevikosa kazi yake ingeonekana.

Kuhusu fedha, watu hubishana bure kati ya vya Kichina na vya Ulaya. Angalia mahali jino lilipo. Fremu ya heksoo inaweza kuwa ya bei ndogo ilimradi haijipindi ukiikaza. Bledi usiifanyie ubahili: tafuta ya bimetali, yenye meno ya chuma cha haispidi yaliyounganishwa na mgongo unaonyumbulika, maana inadumu na haivunjiki kirahisi mkono ukiyumba. Tupa ikague kwenye mwanga. Meno yawe sawa toka ncha hadi shina, isiwe na sehemu zinazong'aa. Nunua na mpini wake au uchonge wa mti, kwa sababu shina la tupa lisilo na mpini huchoma kiganja. Tupa bapa ya inchi 10, ya nusu duara moja na ya pembetatu kwa misumeno zinatosha kuanzia.

Ombi langu ni kwa wanaoandaa orodha za vifaa. Walimu wa vyuo vya ufundi, maofisa maendeleo ya jamii mnaopitisha maombi ya mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, wazazi mnaomnunulia kijana vifaa vya kuanzia: toeni grainda kwenye mstari wa kwanza. Andikeni jiliwa, heksoo na bledi za 18, 24 na 32, tupa tatu, tindo mbili, mkasi wa bati, skwea na miwani ya kinga. Mpeni mtu miezi sita na hivyo. Akirudi kuomba grainda baada ya hapo, mpeni, kwa sababu atakuwa anajua anaitaka ya nini.